Mabano Hayana Sauti

Siku moja tulikuwa tumekaa kusikiliza shauri la shamba. Huku kwetu Omate, Kongo, upande ambako Masisi na Walikale zinapakana, shauri la shamba si jambo la kuchezea. Watu wamewahi kuhama vijiji kwa sababu ya maneno yaliyoanza madogo kuliko yale. Familia moja ilikuwa ya zamani mahali pale, nyingine ilifika wakati wa baba zao. Kijana wa ile familia ya zamani akasimama, akaomba ruhusa kwa wazee, akasema wahenga walikwisha kulimaliza jambo hili. Akaitaja methali ya Kinyanga juu ya mgeni na moto wa nyumbani. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, akaendelea: mgeni aote moto, ila juu ya shamba hana neno. Wazee wawili wakaitikia.

Mimi mwili ulinilegea. Nusu ya kwanza ya maneno yale ilikuwa ya mzee aliyenisimulia zamani, ambaye sasa ni marehemu. Nusu ya pili ilikuwa yangu mimi.

Nieleze ilivyotokea, kwa kuwa ndilo jambo lililonifanya nishike kalamu. Ujanani nilikuwa na kaye ya shule, yaani daftari, ambayo nilikuwa nikiandikia methali na hadithi za yule mzee. Chini ya kila methali niliongeza maneno machache ya kuifafanua kama nilivyoielewa. Mwanzoni niliyafunga maelezo yangu ndani ya mabano. Baada ya kurasa kadhaa nikachoka. Jioni inaingia, mzee anaendelea kusema, mkono unauma. Nikawa naandika tu, lake na langu, mstari baada ya mstari. Na jioni ya methali ile ya mgeni nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa nimetoka kusikia majirani wakigombania mpaka. Hasira yangu ndogo ya siku ile ikaingia kwenye maelezo. Mzee hakuitaja ardhi hata mara moja.

Miaka ikapita, mvua ikaingia kwenye sanduku, kaye ikaanza kuoza. Mpwa wangu, kijana mwenye mwandiko mzuri, akajitolea kuinakili. Siku moja akaja ameshika kidole kwenye ukurasa, akaniuliza, "Mjomba, hapa ni mzee anasema, ama ni wewe?" Nilikuwa na wageni. Nikamjibu, "Andika tu yote, mwanangu." Akaandika yote, kwa wino mmoja, kwa mwandiko mmoja, safi kabisa. Nakala ile ikapita mikononi mwa vijana wengi. Kama kuna siku ambayo mambo yangeweza kuzuiwa, ilikuwa ni siku ile, kwa swali lile la mtoto.

Kwenye shauri niliinua mkono, nikasema ukweli mbele ya wote. Yule kijana aliniangalia kama mtu aliyeibiwa. "Papa, si tumeyasoma kwenye kaye yako?" Wazee wakaahirisha shauri. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, lakini pia na swali: wangapi kabla yangu wameanguka kwenye shimo hili?

Nilikuta ni wengi, na wakubwa kuliko mimi.

Kwanza nililikuta neno lenyewe. Waingereza wana jina kwa yale maandishi madogo ambayo msomi anayaweka pembeni ya maneno ya mtu mwingine ili kuyafafanua. Wanayaita gloss; sisi tunaweza kusema glosa. Limetoka mbali sana. Kwa Wagiriki wa kale, glossa ni ulimi, na kwa kuwa ulimi ndio unaosema, likawa na maana ya lugha pia. Mashairi ya Homer yalipozeeka, watoto wa Wagiriki wakawa hawaelewi baadhi ya maneno yaliyomo, kama vile kijana wa leo anavyokwama kwenye utenzi wa zamani wa Lamu. Neno la namna hiyo, geni au lililokufa midomoni mwa watu, likaitwa glossa. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alilitumia hivyo alipokuwa akieleza kazi ya washairi. Walimu wakatengeneza orodha za maneno hayo, na kando ya kila moja wakaweka maana. Warumi wakaipokea kazi hiyo pamoja na jina lake, na polepole jina likahama. Likaacha kuwa la neno gumu, likawa la maelezo yaliyokaa kando yake.

Nilisimama hapo kwa muda mrefu niliposoma. Mwanzo glosa ilikuwa ndani ya shairi, ndiyo iliyohitaji msaada. Baadaye msaidizi akachukua jina la aliyekuja kumsaidia. Kaye yangu ilifanya hivyo hivyo.

Kutoka Kilatini neno likaingia Kifaransa cha kale, likavuka bahari hadi Uingereza, na huko katika Zama za Kati likabeba pia maana ya kubembeleza na kudanganya kwa ufafanuzi mzuri. Watu walikuwa wameshaona jinsi mfafanuzi mwerevu anavyoweza kulipindisha andiko kwa upole. Katika karne ya 16 likagongana na neno jingine la kaskazini mwa Ulaya lenye sura ileile, ambalo maana yake ni mng'ao wa juu ya kitu, na tangu hapo mawili hayo yamechanganyika. Hata Kiswahili kina jambo linalofanana na hilo. Fungua kitabu cha mashairi cha shule, nyuma utaona ukurasa umeandikwa "Sherehe", na ndani yake hakuna ngoma wala chakula, ni maana za maneno magumu. Hiyo sherehe imetoka kwenye sharhi ya Kiarabu, ufafanuzi. Sisi wa Kongo, ambao karamu tunaiita feti, hatupati shida sana, lakini nimemwona mwanafunzi wa pwani akicheka mbele ya ukurasa huo. Na neno shule lenyewe, ambalo Kiswahili kililipata kwa Wajerumani, mzizi wake ni skhole ya Kigiriki, maana yake nafasi ya kupumzika. Mzizi huohuo ndio uliozaa jina la maelezo ya pembeni ya vitabu vya kale, skolia.

Glosa zenyewe nazo zilizidi kukua. Katika karne ya 12, huko Ufaransa, wasomi walitengeneza Biblia ambayo andiko linakaa katikati ya ukurasa kwa herufi kubwa, na maelezo ya mababa wa Kanisa yanalizunguka kwa herufi ndogo, mengine yakiingia hata katikati ya mistari. Kule Bologna, Italia, mwalimu wa sheria aitwaye Accursius alikusanya katika karne ya 13 maelezo ya sheria za Kirumi zaidi ya 96,000. Ikafika mahali watu wakasema kwamba jambo ambalo glosa hailitambui, mahakama nayo hailitambui. Hakimu hakuuliza tena sheria inasema nini. Aliuliza pembeni pameandikwa nini. Niliposoma hayo niliwakumbuka wale wazee wawili walioitikia.

Lakini kisa kinachonigusa kuliko vyote kimo ndani ya kitabu ambacho kila nyumba ya Kikristo huku inakijua. Shika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ile iliyotoka mwaka 1952. Fungua Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 5, mstari wa 7 na wa 8. Mwambie mwenzako afungue Biblia ya Kifaransa ya Segond ya mwaka 1910, ambayo wahubiri wetu wengi wanaishika. Someni kwa sauti. Mwenye Kiswahili atawataja mashahidi watatu wa mbinguni, Baba na Neno na Roho Mtakatifu, kisha mashahidi watatu wa duniani. Mwenye Kifaransa atakuwa amemaliza zamani: kwake mashahidi ni watatu tu, Roho, maji na damu. Hapo ndipo minong'ono inapoanza kwenye mabenchi. Nani ameikata Biblia? Nani ameiongeza?

Ukiusogeza ukurasa wa Kiswahili karibu na macho, utaona alama mbili ndogo za mabano ya mraba. Wafasiri walikuwa waaminifu. Waliweka alama kumwonyesha msomaji kwamba maneno yale yana shaka. Lakini mabano hayana sauti. Katika kanisa ambamo wachache wameshika kitabu na wengi wanasikiliza, mabano yanabaki juu ya karatasi na maneno yanakwenda masikioni. Msikilizaji aliyekaa nyuma hana njia ya kujua.

Maneno yale yalifikaje pale? Wataalamu wengi wanaeleza kwamba yalianza kama glosa. Wakristo waliosoma Kilatini, wengi wao Waafrika wa kaskazini, walizoea kuwafafanua Roho, maji na damu kuwa ni ishara ya Utatu. Augustine, askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, alifafanua hivyo mwanzoni mwa karne ya 5, na alijua kwamba anafafanua. Hakuna kosa hapo. Lakini tayari katika karne ya 4, kule Hispania, kuna maandishi ambayo ufafanuzi wa namna hiyo unatajwa kana kwamba ni maneno ya Yohana mwenyewe. Mahali fulani mtu aliyaandika pembeni ya ukurasa. Mwenzake aliyenakili baada yake akaona maandishi pembeni, akadhani ni mstari uliosahauliwa, akaurudisha ndani kwa moyo mweupe. Mpwa wangu naye alinakili kwa moyo mweupe.

Ishara za hatari hazikukosekana. Nataka kukaa hapa kidogo, maana ishara ndizo tunazozipita tukiwa na haraka.

Vitabu vya kale vya Kigiriki, kama vile viwili vikubwa vya karne ya 4 viitwavyo Sinaiticus na Vaticanus, havina maneno hayo. Hilo peke yake lingetosha kumsimamisha mtu. Tena katika karne ile ile ya 4 Kanisa liligawanyika vibaya juu ya Utatu; maaskofu walikutana Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381; walimu wa Kigiriki waliandika vitabu juu ya vitabu, wakitafuta kila aya ya kuwasaidia. Aya hii, ambayo ingemaliza ugomvi kwa pumzi moja, hawakuitaja. Mtu mwenye mkuki mkononi hapigani na simba kwa fimbo. Kama hawakuutumia, ni kwa sababu hawakuwa nao.

Kuna kitabu kingine cha Kilatini, kinaitwa Codex Fuldensis, kilichokamilishwa mwaka 546 kwa ajili ya Victor, askofu wa Capua. Mbele ya kundi la nyaraka ambamo umo ule wa Yohana kuna dibaji inayolalamika kwamba wafasiri wasio waaminifu wameyaacha maneno ya Baba, Neno na Roho. Basi fungua waraka wenyewe ndani ya kitabu hichohicho uyatafute. Hayamo. Malalamiko yapo, kinacholalamikiwa hakipo. Ni mara ngapi sisi nasi tumesoma dibaji tukaamini, bila kufungua ndani?

Na kuna ishara ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho yake. Oxford, Uingereza, kuna kitabu cha Kigiriki kilichoandikwa katika karne ya 10. Napoli, Italia, kuna kingine cha karne ya 12. Katika vyote viwili maneno haya yapo, lakini yako pembeni ya ukurasa, yameandikwa na mkono mwingine wa baadaye sana. Katikati ya ukurasa, mwandishi wa kwanza anaendelea na Roho, maji na damu bila habari. Pembeni, mtu wa karne nyingine amejibana kwenye nafasi nyembamba kuongeza anachoona kimepungua. Hapo glosa haijaingia bado. Imesimama mlangoni.

Mwaka 1516, mjini Basel, msomi wa Kiholanzi Erasmus alitoa Agano Jipya la Kigiriki kupitia kiwanda cha uchapaji cha Johann Froben. Aliyaacha maneno yale nje, kwa sababu hakuyakuta katika vitabu vya Kigiriki alivyokuwa navyo. Mwaka 1519 akachapa tena, akayaacha tena. Martin Luther alitumia chapa hiyo ya pili, na ndiyo maana Agano lake la Kijerumani la mwaka 1522 halikuwa nayo. Erasmus akashambuliwa. Mwingereza Edward Lee alimlaumu. Mhispania aitwaye Stunica akasema Wagiriki ndio walioharibu vitabu vyao, Kilatini ndicho kilichohifadhi ukweli. Kisha ikajitokeza nakala moja ya Kigiriki kutoka Uingereza, ambayo leo iko Trinity College, Dublin, na ndani yake maneno yalikuwepo. Ilikuwa bado mpya, ya mwanzoni mwa karne hiyo ya 16.

Nakala ile nayo ilibeba ishara yake. Kigiriki huweka kijineno mbele ya jina, kama Kifaransa kinavyosema le na la. Kilatini hakina vijineno hivyo, kama Kiswahili chetu kisivyo navyo. Katika maneno yale ya mashahidi wa mbinguni, vijineno havikuwepo mbele ya Baba, wala mbele ya Neno, wala mbele ya Roho. Mgiriki hangeandika hivyo. Aliyeandika alikuwa anafasiri kutoka Kilatini, neno kwa neno, na lugha ya kwanza ikamtoka chini ya ya pili. Sisi tunaofasiri mahubiri kila Jumapili tunaijua hali hiyo.

Erasmus alishuku. Lakini mwaka 1522, katika chapa ya tatu, aliyaingiza maneno, akisema anafanya hivyo ili watu wasipate nafasi ya kumsingizia. Shaka yake aliiandika katika kitabu cha maelezo kilichoambatana na Agano hilo. Tazameni jinsi mambo yalivyogeuka: maelezo ya pembeni yakawa andiko, na onyo juu yake likabaki kuwa maelezo ya pembeni. Waliochapa baada yake walichukua andiko, wakaliacha onyo. Biblia ya King James ya mwaka 1611 ikayabeba bila alama yoyote. Isaac Newton, yule mtaalamu wa fizikia, alimwandikia rafiki yake John Locke mwaka 1690 barua ndefu akionyesha kosa hilo. Haikuchapishwa hadi mwaka 1754, yeye amekwisha kufa. Roma ilitoa uamuzi mwaka 1897 wa kuyalinda maneno hayo, na mwaka 1927 ikawaruhusu wasomi kuyachunguza kwa uhuru. Kosa la kalamu moja ya pembeni lilihitaji zaidi ya miaka 1,000 kusahihishwa, na bado halijaisha.

Naomba msomaji Mkristo asinielewe vibaya. Imani ya Utatu haikusimama juu ya mstari huu; waliotunga kanuni ya imani hawakuwa nao. Ndiyo maana naona uchungu zaidi. Nyumba ilikuwa imesimama imara, mtu akaiegemeza mti mbovu kwa nia njema, na sasa kila anayetaka kuiangusha anakimbilia kuonyesha ule mti. Katika mihadhara ya dini huko Tanzania na Kenya, mabano yale yamewahi kushikwa mbele ya umati, na mwalimu wa kanisa ambaye hakuwahi kuyaona akabaki hana la kusema. Angekuwa ameyataja mwenyewe kwanza, mbele ya waumini wake, nani angemshangaza?

Sasa niseme kosa langu la pili. Baada ya kujifunza habari hizi niliwafundisha vijana wa kanisa letu, na niliwasimulia hivi: Erasmus aliahidi kwamba wakimletea nakala moja tu ya Kigiriki yenye maneno yale, atayaingiza, wakamwandikia nakala haraka, naye, mtu wa neno lake, akayaingiza. Vijana waliipenda hadithi hiyo. Nami niliipenda. Nilikuwa nimeisoma kwa watu wa kuaminika, akiwemo Bruce Metzger, Mmarekani aliyeheshimiwa sana katika elimu hii. Baadaye nikajua kwamba mwaka 1980 msomi wa Kiholanzi, Henk Jan de Jonge, aliyachunguza maandishi ya Erasmus mwenyewe, na ahadi kama hiyo hakuiona. Metzger naye, katika toleo la 1992 la kitabu chake, aliongeza maelezo ya kukiri jambo hilo. Kwa hiyo hata waliokuwa wanatufundisha jinsi nyongeza inavyoingia kwenye andiko, nyongeza iliwaingilia mlango wa nyuma. Ishara ilikuwepo: hadithi ilikuwa tamu mno, imekaa sawasawa mno. Niliposikia utamu ule nilipaswa kuuliza, nani amesikia ahadi hiyo, na ameiandika wapi? Sikuuliza. Ilibidi nirudi kwa vijana wale kusahihisha, na watatu kati yao walikuwa wamekwisha kwenda Goma na hadithi ile.

Kuna njia ya kuandika maelezo bila kumnyang'anya mwenye maneno, na mfano mmoja mzuri uko hapahapa. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, Unyanga, msimulizi Shekarisi Rureke alikaa na mtafiti wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, akasimulia kwa siku 12 habari za Mwindo: mtoto aliyezaliwa akitembea, ambaye baba yake Shemwindo alikuwa amekataza wake zake wasizae mtoto wa kiume; shangazi yake Iyangura; safari zake chini ya ardhi na juu mbinguni, mkononi ana conga, ule usinga wake. Simulizi ya namna hiyo Wanyanga wanaiita karisi. Kitabu kilitoka mwaka 1969, Biebuyck akiwa pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Unyanga mwenyewe, mtaalamu wa lugha.

Nilichojifunza humo ni jinsi walivyotenganisha mikono. Rureke anaposimulia, hasimulii Mwindo tu. Anaimba, anajitaja, anazungumza na waliokaa mbele yake, anamhimiza hata mwandishi aendelee na kalamu. Wangeweza kuyafuta hayo wapate hadithi laini. Waliyaacha ndani, kwa sababu ni ya msimulizi. Na yale ya kwao, maana ya mti fulani, ya desturi fulani ya chifu, ya neno lisilofasirika, waliyaweka chini ya ukurasa kwa namba ndogo. Ukisoma unajua wakati wote ni nani anasema. Biebuyck alitoa baadaye, mwaka 1978, masimulizi mengine ya mashujaa wa Unyanga, na hakuyashona na la Rureke ili apate moja kubwa. Kila msimulizi alibaki na kauli yake.

Walimu wa Kiislamu wa zamani nao walikuwa na adabu hiyo. Walipoandika sharhi ndani ya matini, matini waliiandika kwa wino mwekundu, au waliipigia mstari juu yake, na ufafanuzi ukawa kwa wino mweusi. Mwanafunzi aliweza kuona kwa jicho maneno ya mwenye matini yanaishia wapi na ya mwalimu yanaanzia wapi. Ni kazi, maana kila mara unaweka kalamu moja chini na kuinua nyingine. Nadhani ule uchovu wenyewe ndio ulinzi: mkono unapobadilisha kalamu, moyo unakumbuka kwamba sasa ninasema mimi.

Ndugu yangu unayeandika historia ya ukoo, unayefasiri ibadani, unayeandika maneno ya wazee kwenye mikutano ya amani ya kijiji: weka alama. Na unaposoma mbele ya watu, itamke alama hiyo kwa mdomo. Sema, "hapa mzee amemaliza, haya ni yangu." Inachukua pumzi moja.

Mwezi uliopita nilimwita mpwa wangu. Tulikaa nje mchana kutwa na ile kaye ya zamani iliyooza, nakala yake safi, na kalamu nyekundu. Nilikuwa nasoma kwa sauti, naye ananiuliza lile swali alilowahi kuniuliza: "Hapa, Mjomba?" Yangu tukayapigia mstari mwekundu. Tulipofika kwenye methali ya mgeni, alipiga mstari mara mbili, akaniangalia, hakusema kitu. Tuliendelea hadi jua likaanza kuzama. Kuna mistari kumi na moja ambayo sikuweza kukumbuka ni ya nani. Mpwa wangu akaniuliza tufanye nini. Nikamwambia aandike pembeni, kwa wino mwekundu, kwamba mwenye maneno hajulikani, na aweke tarehe.